KUSOMA KANISA KWA MACHO: SOMO JUU YA MINARA MIWILI YA UNGUJA



Somo letu la mwezi huu ni juu ya kanisa ambalo si letu. Ni la ndugu zetu Wakatoliki, nalo liko Shangani, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Jina lake ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lakini wenyeji, Waislamu kwa Wakristo, huliita Minara Miwili. Wengi wetu tuliosafiri kwa boti kutoka Mkoani tumeiona minara hiyo kabla hatujashuka bandarini, kwa maana imepita mapaa ya nyumba zilizoizunguka. Lakini mtu akishaingia vichochoroni huipoteza, na hana budi kuuliza njia.

Tumelichagua kanisa hili kwa sababu ya swali moja ambalo vijana wetu huulizwa mara kwa mara hapa Pemba, shuleni na barazani: "Mbona makanisani mwenu mna sanamu na picha? Je, hamziabudu?" Mara nyingi swali hili huulizwa kwa nia njema, na jirani anayeuliza kwa nia njema anastahili kujibiwa kwa adabu na kwa maarifa. Kusema, "Hayo ni mambo ya Wakatoliki, sisi hatumo," si jibu. Sisi pia tuna misalaba, mishumaa na picha. Basi tujifunze kulisoma jengo lile la Shangani, na katika kulisoma tutapata maneno ya kumjibu jirani.

Kabla ya kuendelea, kila mmoja achukue Biblia yake asome Kutoka 20:1-6, Kutoka 31:1-11, Hesabu 21:4-9 na 2 Wafalme 18:1-4. Tutayarudia masomo haya.

1. JINSI LILIVYOJENGWA

Mapadre wa kwanza wa Kikatoliki wa zama hizi walifika Unguja mwezi wa Desemba 1860, wakati wa Sultani Majid bin Said. Walitoka katika kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa katika Bahari hii hii ya Hindi, na kiongozi wao alikuwa Padre Armand Fava. Masista walikuja pamoja nao. Walianza kwa kuwatibu wagonjwa, na kwa kuwafundisha watoto kusoma na kufanya kazi za mikono. Miaka michache baadaye kazi hiyo ilishikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner, ambao mwaka 1868 walivuka bahari wakafungua misheni ya Bagamoyo. Wamishenari wetu wa UMCA walifika Unguja mwaka 1864. Kwa hiyo misheni hizi mbili zilikua katika mji mmoja kwa wakati mmoja.

Tusisahau mji ule ulikuwa na hali gani. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwezi wa Juni 1873. Wengi wa watoto wa kwanza waliolelewa na mapadre wale walikuwa wamekombolewa kwa kununuliwa sokoni, au walitolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini. Walikuwa watoto wasiojua baba zao wako wapi, na pengine hawakujua hata jina la kijiji walikotoka.

Kanisa kubwa tunaloliona sasa lilijengwa katika miaka ya 1890, na Misa ya kwanza ndani yake ilisomwa siku ya Krismasi ya mwaka 1898. Wakati wa ujenzi, mwezi wa Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kwamba hali ya utumwa isitambuliwe tena kisheria katika Unguja na Pemba. Jengo lililoanzwa katika nchi ya watumwa na mabwana likafunguliwa katika nchi ambayo sheria yake ilikuwa imekwisha kubadilika, ingawa desturi zilichukua miaka mingi zaidi kubadilika.

2. UMBO LAKE

Ramani ya kanisa ilitoka Ufaransa, na mfano wake ni makanisa makubwa ya Marseille, mji wa bandari wa kusini mwa nchi ile. Vioo vya rangi na vigae pia viliagizwa Ufaransa. Lakini kuta zenyewe ni za kwetu: mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vile vile vilivyojenga nyumba za Mji Mkongwe, na misikiti ya kale ambayo magofu yake tunayaona Ras Mkumbuu hapa Pemba.

Wengine huona vibaya kwamba ramani ya kanisa imetoka mbali. Tukumbuke kwamba hata Sulemani, alipojenga Hekalu la Yerusalemu, alimwita fundi Hiramu kutoka Tiro, aliyekuwa mtoto wa mtu wa Tiro, aje kufua shaba. Twaweza kusoma habari hiyo katika 1 Wafalme 7. Nyumba ya Mungu haiharibiki kwa kupokea ufundi wa wageni, maadamu wenyeji wanaelewa kilichojengwa.

Basi tutazame mambo manne katika umbo lake.

(a) Msalaba. Mtu angeweza kulitazama kanisa hili kutoka juu kama ndege angeona msalaba. Ukumbi mrefu wa kati, wenye njia mbili za kando, ni mti wa msalaba, na sehemu mbili zinazotokeza kushoto na kulia ni mikono yake. Kwa hiyo watu wanaokusanyika humo hukaa ndani ya msalaba hata wasipofikiri.

(b) Kuba. Pale mikono ya msalaba inapokutana na mti wake, limeinuliwa kuba juu ya kuta za pande nane. Wakristo wa kale waliipenda hesabu ya nane. Mungu aliumba ulimwengu kwa siku sita akapumzika ya saba. Bwana wetu alifufuka siku iliyofuata ya saba, ambayo waliiita siku ya nane, mwanzo wa uumbaji mpya. Ndiyo maana visima vingi vya ubatizo duniani vina pande nane. Kuba la pande nane juu ya msalaba lasema kwamba baada ya msalaba kuna ufufuo.

(c) Matao. Matao yake ni ya duara, kwa namna ya Warumi wa kale. Ukilinganisha na Kanisa letu Kuu la Mkunazini utaona matao yenye ncha, kwa namna ya Kiingereza iliyochanganyika na ya Kiarabu. Namna zote mbili zinafanya kazi moja, yaani kupokea uzito wa juu na kuushusha chini kwa upole mpaka kwenye msingi.

(d) Minara. Neno letu mnara latumika kwa msikiti na kwa kanisa pia. Katika msikiti mtu huita kwa sauti yake, na katika kanisa huita kengele. Watu wa mji walipolipa kanisa lile jina la Minara Miwili walitumia neno walilokuwa nalo tayari kwa nyumba ya sala, na hili si jambo dogo.

3. YOSEFU JUU YA MLANGO

Juu ya mlango mkubwa imesimama sanamu ya Mtakatifu Yosefu amembeba mtoto Yesu. Papa Pius wa 9 alikuwa amemtangaza Yosefu mwaka 1870 kuwa msimamizi wa Kanisa lote, na makanisa mengi ya wakati ule yalipewa jina lake. Lakini sisi tunaokijua kisiwa kile twaweza kuona zaidi.

Yosefu alikuwa seremala, na Unguja ni mji wa maseremala. Milango yake ya nakshi na majahazi yake yanajulikana duniani. Yosefu alikimbilia nchi ya kigeni, Misri, pamoja na mtoto na mama yake, kwa kuogopa mtawala. Na zaidi ya yote, Yosefu alimlea mtoto ambaye hakuzaliwa kwa damu yake, akampa nyumba, ufundi na jina. Hebu tufikiri: mtoto aliyetolewa sokoni, asiye na baba, akisimama mbele ya mlango ule na kuinua macho, alimwona nani? Alimwona mlezi amembeba mtoto. Hakuhitaji kujua kusoma ili aelewe kwamba katika nyumba ile mtoto asiye na mtu hupokelewa.

Hapo ndipo tunapoanza kupata jibu la swali letu. Sanamu ile haikuwekwa mlangoni ili iombwe mvua au watoto. Imewekwa ili iseme neno kwa mtu anayeingia.

4. PICHA ZA UKUTANI

Ndani, kuta zimechorwa picha za habari za Agano la Kale, na madirisha yana vioo vya rangi. Jua la asubuhi au la alasiri likipita katika vioo hivyo, rangi huanguka sakafuni na kusogea polepole kadiri saa zinavyokwenda.

Kwa nini Agano la Kale? Kanisa tangu zamani limefundisha kwamba habari za kale ni kivuli cha mambo yaliyokuja. Mtu hupita kwanza katika habari za mababu na manabii, ndipo afike madhabahuni, ambako huadhimishwa yale waliyoyangojea. Na hapa visiwani picha za namna hiyo zina faida nyingine. Ibrahimu, Musa na Daudi ni majina ambayo majirani zetu wanayajua na kuyaheshimu. Mkristo anayetaka kuzungumza na jirani yake juu ya imani hawezi kupata mlango mzuri kuliko huo.

Sasa tuirudie Biblia. Amri ya pili katika Kutoka 20 yakataza kujifanyia sanamu za kuchonga na kuzisujudia. Lakini Mungu yule yule, katika Kutoka 25, aliagiza makerubi wa dhahabu wafanywe juu ya kiti cha rehema. Katika Kutoka 31 alimjaza Bezaleli roho yake, apate hekima ya kufanya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Je, Mungu alijipinga? Sivyo. Jibu liko katika habari ya nyoka wa shaba. Katika Hesabu 21 Musa alimfanya nyoka yule kwa amri ya Mungu, na watu walioumwa walimtazama wakapona. Miaka mingi baadaye, katika 2 Wafalme 18, mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande, na Maandiko yanamsifu kwa tendo hilo, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuanza kumfukizia uvumba. Nyoka alikuwa ni yule yule. Kilichobadilika ni mioyo ya watu. Alipokuwa akiwaelekeza kwa Mungu alikuwa dawa, na alipochukua mahali pa Mungu akawa sumu.

Kwa hiyo jirani anapotuuliza, tusikasirike. Anatukumbusha hatari ambayo Hezekia aliiona. Twaweza kumwambia: "Kusujudia kitu kilichofanywa kwa mikono ni dhambi kwetu kama ilivyo kwenu. Picha hizi hatuziabudu. Tunazisoma."

5. MARSEILLE, KANTERBURI NA SISI

Kuna habari moja ya kale inayoliunganisha kanisa la Shangani na Kanisa letu la Anglikana.

Mwaka 596 Papa Gregori Mkuu alimtuma mtawa Augustino na wenzake waende Uingereza kuhubiri Injili. Walifika mwaka 597, na Augustino akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kanterburi. Sisi Waanglikana wa Pemba, kupitia wamishenari wetu, ni wajukuu wa safari ile. Wasafiri wale walipita katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, na Gregori aliwaandikia maaskofu wa njiani barua za kuwaombea wapokelewe vyema. Mmoja wa maaskofu hao alikuwa Serenus wa Marseille.

Miaka michache baadaye Gregori akasikia kwamba Serenus huyo amezivunja picha za watakatifu katika makanisa yake, kwa kuwa aliona watu wakiziabudu. Katika miaka ya 599 na 600 alimwandikia barua. Alimsifu kwa bidii yake ya kuzuia kitu cha mikono kisiabudiwe. Lakini alimlaumu kwa kuvunja. Alimweleza kwamba kile ambacho maandishi humpa ajuaye kusoma, picha humpa asiyejua, na kwamba kazi yake kama askofu ilikuwa kuwafundisha watu maana ya picha, si kuwanyang'anya.

Basi mji ule ule wa Marseille, ambao askofu wake aliandikiwa kwamba picha ni kitabu cha wasiojua kusoma, ndio ambao baada ya miaka 1,300 ulitoa mfano wa kanisa la Unguja lenye picha ukutani.

Kanisa la Kiingereza nalo lilipita katika jaribu hilo. Katika mwaka 1548, wakati wa mfalme Edward wa 6, iliamriwa sanamu ziondolewe makanisani, na picha nyingi za ukutani zikapakwa chokaa. Baadhi ya watu walikuwa wamezigeuza kweli kuwa kama miungu midogo, na dawa ilihitajiwa. Lakini pamoja na ubaya ule mafundisho mengi pia yalifunikwa. Wamishenari wa UMCA walitoka katika ule upande wa Kanisa letu uliotaka kurudisha uzuri wa nyumba ya Mungu bila kurudisha makosa.

Ndipo twaweza kuitazama vizuri zaidi kazi ya wazee wetu wenyewe. Askofu Edward Steere ndiye aliyeongoza ujenzi wa Mkunazini, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa. Askofu huyo huyo alitumia miaka mingi kuyafasiri Maandiko katika Kiswahili na kuyapiga chapa. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Lakini yeye aliyewapa watu kitabu cha herufi hakuona kwamba chatosha peke yake. Alijenga pia kanisa ambalo mahali pake penyewe ni somo, na ndani yake mna msalaba uliotengenezwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Herufi na jengo vilifanya kazi pamoja Mkunazini, kama vilivyofanya Shangani.

6. KITABU KINACHOLIWA NA CHUMVI

Jambo la mwisho ni la uangalizi, nalo latuhusu sisi wa Pemba hasa, kwa kuwa kwetu mvua ni nyingi.

Jiwe la matumbawe lina vitundu vidogo vidogo, nalo hunywa maji. Limezaliwa baharini, na hewa yetu ina chumvi. Maji ya mvua yakipenya kutoka paa lililotoboka, au yakipanda kutoka ardhini, huyeyusha chumvi hiyo na kuichukua mpaka usoni pa ukuta. Ukuta ukikauka, maji huondoka na chumvi hubaki, ikaganda nyuma ya rangi na kuisukuma mpaka ikabanduka. Chokaa ya kizamani husaidia, kwa maana huuacha ukuta upumue. Tukipaka saruji au rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo, twadhani tumeuimarisha, kumbe tumeyafungia maji ndani, nayo yatatafuta njia nyingine ya kutokea.

Picha za Minara Miwili zimepata matengenezo, lakini kazi hiyo haina mwisho katika hali ya hewa ya visiwa hivi. Mji Mkongwe uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini orodha haizibi paa. Kinachoziba paa ni watu wanaojua thamani ya kilicho chini yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenye picha hata ukijengwa tena haurudi na picha zake.

Nasi tuanze kwetu. Kabla ya masika, tusafishe mifereji ya paa la kanisa. Tufungue madirisha siku za jua, hata siku zisizo na ibada. Pasipakwe saruji juu ya ukuta wa chokaa kabla ya kuuliza fundi anayejua majengo ya kale. Na wazee wa kanisa waandike katika daftari kila picha, msalaba na chombo tulicho nacho: kilitoka wapi, na maana yake nini.

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Rangi ikibanduka, fundi aweza kujaribu kuirudisha. Lakini maana ikisahauliwa, picha hubaki ukutani kama kitabu katika nyumba ambayo hakuna ajuaye kusoma. Hapo ndipo watu huanza ama kuidharau ama kuiogopa, na pengine kuiabudu. Gregori alimwambia Serenus afundishe. Neno hilo ni letu pia, wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili.

Basi mkifika Unguja, nendeni Mkunazini mkasali, kisha mpite na Shangani. Mlango mkubwa ukiwa umefungwa, ulizeni kwa upole. Simameni kwanza nje mmtazame Yosefu na mtoto. Mkiingia, tembeeni polepole, na mwenye mtoto amshike mkono amweleze anachokiona.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Musa alifanya vyema kumfanya nyoka wa shaba, na Hezekia naye alifanya vyema kumvunja?

2. Jirani akikuuliza kama Wakristo huabudu picha, utamjibu nini kwa maneno machache na kwa heshima?

3. Taja kitu kimoja katika kanisa letu ambacho hujui maana yake. Ni nani katika mtaa wako anayeweza kukueleza?

4. Je, kuna mtoto karibu nawe ambaye hana mlezi? Sanamu ya Yosefu yakuambia nini juu yake?

5. Paa, mifereji na kuta za kanisa letu zina hali gani sasa? Nani atazitazama kabla ya masika, na lini?